Kumtafuta Mwashi wa Nyumba ya Kale

Wazee wa pwani walikuwa na vitendo vitatu mahali ambapo sisi leo twatosheka na kimoja. Nyumba ya miti na udongo ilijengwa; chombo cha baharini kiliundwa; bali nyumba ya mawe na chokaa iliakwa. Kitendo hicho ni kuaka, na mwenye kukitenda ni mwashi, kwa kanuni ile ile inayomfanya mwenye kuandika kuwa mwandishi na mwenye kupika kuwa mpishi. Jina mwashi wengi wetu twalifahamu, lakini kitendo chenyewe wachache walio nacho ulimini, na vijana wetu darasani tulipowauliza walidhani ya kuwa kuaka ni kosa la kuandika kuwaka.

Jambo hili si la sarufi peke yake. Mtu akikosa jina la kitu hana namna ya kukiulizia, na sisi wenyewe tulijifunza hayo kwa fedha za kanisa.

Tulikuwa tumekabidhiwa, waalimu watatu pamoja na mzee mmoja wa kanisa, nyumba ya kale katika Mji Mkongwe wa Unguja, iliyokusudiwa iwe makao ya waalimu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, unene wake dhiraa moja na zaidi, na dari zake ni za boriti. Ukuta wa kaskazini ulikuwa umeota ukungu, na lipu yake yabanduka. Tukauliza mjini ni nani ajuaye kujenga. Tukaletewa mtu mwenye sifa njema, wala sifa zile hazikuwa za uongo, maana nyumba alizojenga ng'ambo ya mji, za matofali ya saruji, zasimama vizuri hata leo. Aliutazama ukuta kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, akataja bei ya kazi yote, nayo ilikuwa nafuu. Tukaandikiana mapatano, tukampa arubuni. Kwa siku kumi na mbili ukuta ukawa mweupe, laini, mgumu hata ukucha usiweze kuukwaruza. Tulifurahi, na kusema kweli tulijisifu mbele ya kasisi wetu.

Masika ya kwanza yakapita salama. Masika ya pili chumvi ikachomoza chini ya rangi mfano wa unga, lipu ikavimba, ikaanguka vipande vikubwa kama magamba, na kila kipande kilichoanguka kilichukua pamoja nacho uso wa jiwe la zamani. Kilichotutia hofu zaidi kilikuwa juu: vichwa vya boriti nne, pale vinapoingia ukutani, vilikuwa vimeoza, ukivichoma kisu chazama. Chini ya boriti zile hulala mwalimu na mkewe na watoto wao wawili.

Yule fundi hatumlaumu. Tuliulizia mtu wa kujenga, naye alijenga.

Ili msomaji aone kosa letu lilikuwa wapi, hana budi kwanza kujua nyumba ya namna hii ni kitu gani. Mawe yake ni ya aina mbili. Yako yachimbwayo nchi kavu, magumu, yenye pembe na matundu, nayo ndiyo yanayojaza ukuta. Na yako yaliyokatwa katika mwamba wa baharini, ambayo yakiwa mabichi huchongeka kwa chuma kama mti, kisha huwa magumu yakipata hewa. Kwa mawe haya ya pili watu wa Kilwa walichonga mihirabu na mataji ya milango, na katika karne ya 14 wakaupanua Msikiti wao Mkuu kwa matao na makuba. Wajuzi wa kazi hii, basi, walikuwako pwani zamani sana, kabla ya Mreno wa kwanza kutia nanga.

Chokaa nayo hutoka katika mawe hayo hayo. Magogo hupangwa kwa duara, mawe hurundikwa juu yake, na tanuru huwashwa moto. Moto ule hulifukuza katika jiwe pumzi fulani iliyomo ndani yake, na jiwe hubaki jepesi, jeupe, lenye kiu. Likitiwa maji huchemka na kuvunjika likawa unga au ute. Mwashi mwema hakuitumia chokaa siku ile. Aliiweka shimoni au chini ya kifuniko kwa miezi kadhaa, maana chokaa changa huendelea kuchemka ukutani na kuipasua lipu. Ikisha kupakwa, huirudisha polepole ile pumzi kutoka hewani, na kidogo kidogo hugeuka tena kuwa jiwe. Kazi hiyo huchukua miezi, pengine miaka. Asiyejua hayo huiona chokaa kuwa dhaifu kwa sababu baada ya wiki moja bado yakwaruzika.

Boriti ni miti ya mikoko. Haiwi mirefu sana, na kwa hiyo upana wa vyumba vya kale ni karibu pima moja na nusu tu, awe mwenye nyumba ni tajiri au si tajiri. (Boriti hizi zilichukuliwa na majahazi hata Oman na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizokuwa na miti ya kujengea, na huko pia nyumba nyingi za kale zina vyumba vyembamba kwa sababu hiyo hiyo.) Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa na kokoto, kisha hupigwa. Sakafu haikumwagwa ikaachwa. Ilipigwa kwa vijiti na watu wengi pamoja, siku baada ya siku, huku wakiimba kwa kufuata mapigo.

Basi ukuta wa namna hii hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa wakati wa kiangazi, kwa kuwa chokaa huyapitisha. Ukiufunika kwa saruji, maji yaliyo ndani hayana njia ya kutokea. Hutafuta penye udhaifu, yakibeba chumvi ya bahari iliyomo katika mawe, na mahali palipo dhaifu kuliko pote ni kichwa cha boriti.

Hapa pia lugha imetupoteza. Neno saruji si geni. Katika Oman jina hilo ni la udongo uliochomwa na kusagwa, ambao watu wa kale waliutumia katika mifereji yao ya maji na katika birika. Saruji tuliyo nayo madukani ni kitu kingine, kilichobuniwa Uingereza na Joseph Aspdin mwaka 1824, nacho kimevaa jina la zamani kama mgeni aliyevaa kanzu ya mwenyeji. Kilikuja kwanza kwa meli, ghali. Hata viwanda vilipofunguliwa huku kwetu, kile cha Bamburi karibu na Mombasa mwaka 1954, na kile cha Wazo karibu na Dar es Salaam mwaka 1966, saruji ikawa bidhaa ya kila duka. Tanuru la chokaa likaanza kupoa.

Zamani mwenye nyumba hakumtafuta mwashi mbali. Aliishi naye mtaa mmoja, alijua alifundishwa na nani, na nyumba alizozitengeneza zilikuwa njiani pake kila siku aendapo sokoni au msikitini. Ukuta ukipasuka, mwashi aliona aibu mbele ya watu waliomjua baba yake. Malipo yalikuwa kwa kutwa, na mwisho wa kazi hutolewa kilemba, yaani zawadi apewayo fundi kazi ikiisha, kama apewavyo mwalimu mwanafunzi akihitimu. Kwa kutwa maana yake ni kwamba fundi hapati faida kwa kuharakisha. Ni kweli pia kwamba hapati hasara kwa kukawia, na malalamiko ya wenye nyumba juu ya jambo hilo ni ya kale kama nyumba zenyewe.

Lakini haifai tuzisifu siku zile kupita kiasi. Mawe yale yalibebwa vichwani na watumwa, wengi wao wanawake, na sakafu nyingi za Unguja tunazozistaajabia zilipigwa na mikono isiyokuwa na hiari. Neno letu kibarua latoka huko: ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akakidai ujira wake jioni, na mara nyingi aliyekishika cheti alikuwa mtumwa aliyekodishwa, na sehemu ya ujira ilikwenda kwa bwana wake. Tena mafundi si wote walikuwa wa hapa. Tharia Topan alipoanza mwaka 1887 kujenga hospitali yake pwani ya mji, ile ambayo baadaye ikaitwa Zahanati ya Ithnaashari, mafundi waliletwa kutoka Bara Hindi, na mapambo yake ya mbao yaonyesha mkono wao.

Kwa wasomaji wetu mfano ulio karibu zaidi ni kanisa la Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa. Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, ambaye wengi wetu twamjua kwa kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870. Yeye kwa elimu alikuwa mtu wa sheria, wala hakupata kuwa mwashi. Lakini hakumtafuta mkandarasi, akawa mwenyewe kila siku kati ya wajenzi, akijifunza na kuwafunza. Paa lake ni tao la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji ya Ulaya, jambo ambalo wengi walilitazama kwa wasiwasi, nalo lasimama hata leo. Twalitaja hili makusudi, ili mtu asidhani ya kuwa twaichukia saruji. Pale haikufunika ukuta wa mtu mwingine. Iliwekwa na mtu aliyejua kwa nini anaiweka. Husimuliwa pia kwamba siku moja alipokuwa hayupo, mafundi walizisimamisha nguzo za upande wa magharibi juu chini, na alipozikuta akaziacha vile vile. Mgeni aendaye Mkunazini bado huonyeshwa nguzo hizo. Sisi tunapoziona hukumbuka siku zetu kumi na mbili, ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyepanda ngazi.

Baadaye ilikuja desturi ya kandarasi, yaani kazi yote kwa bei moja iliyotajwa mbele. Yafaa sana kwa nyumba mpya, kwa sababu matofali huhesabika na siku huhesabika. Kwa nyumba ya kale ina hatari yake: bei hutajwa kabla ukuta haujafunguliwa, na anayetaja ndogo ndiye apataye kazi. Tena mkandarasi si lazima awe fundi. Ni mwenye leseni, mwenye hesabu, mwenye gari. Mwiko hushikwa na mtu mwingine, ambaye mwenye nyumba pengine hamjui hata jina.

Baada ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliachwa na wenyewe au zilitwaliwa, zikapangishwa vyumba vyumba kwa watu waliotoka shamba na pengine pote. Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kutengeneza paa la wote. Majengo ya mji ule ni takriban 1,700, na katika miaka ile mengi yalidhoofika na baadhi yakaanguka kabisa. Mwaka 1985 iliwekwa Mamlaka ya kuuhifadhi mji, na tangu hapo haifai mtu kubomoa wala kutengeneza pasipo ruhusa yake. Mwaka 2000 mji ukaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yetu, haikuwa orodha, bali kazi chache zilizofanywa kwa njia ya kale, kama kutengenezwa kwa ile zahanati ya Tharia Topan katika miaka ya 1990, ambako vijana walirudishwa kwenye chokaa na kujifunza upya yale waliyoyajua babu zao.

Huko Lamu, mji ulioingia katika orodha hiyo mwaka 2001, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wageni kutoka Ulaya walinunua nyumba za kale na kutaka zitengenezwe kama zilivyokuwa, zidaka zake na lipu yake ya chokaa. Wenyeji wengi hunung'unika kwamba bei za nyumba zimepanda hata mtoto wa Lamu hawezi kununua nyumba ya jirani yake, nao wana haki. Lakini fedha hiyo hiyo ndiyo iliyowalisha waashi wa Lamu wakati ambapo miji mingine ya pwani iliwapoteza wake. Mambo haya mawili ni kweli pamoja, na hatuoni njia ya kuyatenganisha.

Na kwamba jambo lenyewe ni la uhai wa watu, Unguja yote iliona siku ya Krismasi ya mwaka 2020, pale sehemu ya mbele ya Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Hatukusudii kumhukumu mtu. Wiki ile sisi wanne tulisimama chini ya boriti zetu nne, tukaiondoa jamaa ya mwalimu nyumbani.

Ndipo tulipobadili swali. Hatukuuliza tena ni nani ajuaye kujenga, wala hatukuuliza mwashi, kwa kuwa siku hizi katika vyuo vya ufundi uashi ni kazi ya matofali na saruji, na ukiita mwashi atakuja mtu yule yule. Tuliuliza: ni nani katika mji huu mwenye shimo la chokaa? Jibu likapungua mara moja, kutoka watu ishirini hata watatu. Tukaomba kila mmoja atuonyeshe ukuta alioutengeneza ambao umepitiwa na masika matatu au zaidi. Mmoja alikuwa na picha tu. Wa pili alikuwa na kazi nzuri, ila hakuwa na nafasi kwa mwaka mzima. Wa tatu alikuwa mzee mwenye kikohozi, asiyependa maneno mengi.

Tukampeleka mbele ya ukuta. Hakuutazama sana. Aliomba ngazi, akapanda mpaka darini, chini ya mabati, akakaa huko muda mrefu hata mmoja wetu akaanza kuchungulia saa. Aliposhuka alituambia, "Waalimu wangu, ukuta hauna neno. Mlizamu wenu umevunjika." Mlizamu ni ule mfereji utoao maji ya mvua katika paa na kuyatupa nje, mbali na ukuta. Kwa miaka isiyojulikana maji yale yalikuwa yakimwagika ndani ya ukuta, nasi tulikuwa tukiupaka rangi.

Tulimwomba bei ya kazi yote. Akakataa. "Sijui ukuta umeficha nini," alisema. "Nikitaja leo, mimi au ninyi mmoja atadanganywa."

Hapo tulishindana wenyewe kwa wenyewe, na yafaa tukiri. Mzee wa kanisa alisema, na alisema kwa haki, kwamba fedha hizi ni za sadaka, ya kuwa hesabu zitakaguliwa, na kwamba mtu asiyetaja bei aweza kuila nyumba yote. Mmoja wetu alitaka tumrudie mkandarasi mwenye mhuri. Mwisho tulipatana hivi: fundi na watu wake walipwe kwa kutwa, chokaa, mchanga na boriti tununue sisi, na mwalimu mmoja kwa zamu awepo kila siku na daftari, aandike watu waliokuja na kazi iliyofanyika. Mzee yule hakuchukizwa na daftari. Alitaka jambo moja tu, tumpatie vijana wawili wasioogopa chokaa.

Kazi ilianza na mlizamu. Kisha lipu ya saruji ikabanduliwa yote, na fundi akatuamuru tuuache ukuta uchi kiangazi kizima. Watu waliopita njiani walitucheka, wakisema fedha zimetuishia. Dari ilishikiliwa kwa nguzo, boriti nne zikatolewa moja moja na kutiwa nyingine, na vichwa vyake vikaachiwa nafasi ya kupata hewa. Matundu yalitomewa kwa vijiwe vidogo na chokaa. Lipu ikaja mwisho kabisa, mapako membamba matatu, kila moja likingojewa na kunyunyiziwa maji lisikauke upesi. Kwa jumla ilikuwa miezi tisa. Daftari lilipofungwa, gharama ilizidi bei ya yule fundi wa kwanza karibu mara tatu, na mzee wa kanisa alitukumbusha hayo katika mkutano, akaandika pia katika taarifa yake kwamba kila kutwa iliyolipwa ilikuwa imefanyiwa kazi.

Siku ya mwisho tulimpa fundi kilemba chake, kitambaa halisi pamoja na fedha ndani yake. Mmoja wa wale vijana aliuliza kitambaa ni cha nini, na mzee akamweleza akiwa ameketi juu ya ndoo. Jamaa ya mwalimu imerudi nyumbani. Nyuma ya jiko shimo la chokaa lingaliko, limefunikwa kwa makuti, na imo chokaa ya kutosha ukuta wa magharibi, ambao vijana wale wawili watauanza masika yakiisha.